Gari ya lizi, gia mbovu, na kuzungushwa kati ya yadi na wenye pesa: kisa cha Bi Z wa Malindi

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Majina nimetoa, aina ya gari nimetoa, jina la yadi na la kampuni ya lizi nimetoa, na pesa nimeziweka kwa makadirio ya karibu. Mimi ni mtu wa kuandika barua na kutunza mafaili kwenye chama chetu cha madereva wa wageni hapa Malindi, na hii kesi nilikaa nayo tangu barua ya kwanza mpaka siku ya kusaini. Sio wakili, pale sheria ilipoingia tulikuwa na wakili. Naandika kwa sababu gari za lizi zimeingia sana huku pwani, watu wanachukua, zikiwaharibikia wanaumia kimya kimya wakidhani hakuna la kufanya.

USULI

Bi Z ni mama wa makamo mwenye biashara ya kubeba wageni. Anawapokea uwanja wa ndege wa Malindi, anawapeleka Watamu, magofu ya Gede, Marafa kule Nyari kutazama jua likizama, na wakipatikana wa safari ya mbuga basi ni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Dereva wake ni mtoto wa dadake, tumuite K, kijana mtulivu ambaye hajawahi kuniletea kesi ya ajali hata moja pale chamani.

Gari yake ya zamani ilikuwa imechoka na mahoteli yalikuwa yameanza kulalamika, mgeni akiona siti imechanika na eisi haipulizi, kesho hoteli inampigia mtu mwingine. Msimu wetu ni wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka kama mwezi wa tatu, hapo ndipo mtu wa kubeba wageni anapata ya kula mwaka mzima, kusi ikiingia mahoteli mengine yanafunga kabisa. Kwa hivyo alitaka vani ya watu saba mapema kabla ya Disemba. Benki zilimkataa kwa sababu kipato chake kinapanda na kushuka, na ndio akapelekwa na mtu kwenye lizi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi, na naomba usome polepole kwa sababu matatizo yote yalianzia hapa. Unaenda yadi Mombasa unachagua gari. Kampuni ya lizi inainunua ile gari kutoka kwa yadi, inakuwa yao, logbuku, ile hati ya umiliki, jina lao, halafu wanakupa wewe uitumie kwa miezi 36 ukilipa kila mwezi, ukimaliza ndio wanakuhamishia. Bei ya yadi ilikuwa kama shilingi 1,450,000. Bi Z alitoa depoziti 435,000 na akakubali kulipa 42,000 kwa mwezi. Ukipiga hesabu, mpaka mwisho anakuwa ametoa kama 1,947,000. Bima kubwa ni juu yake. Gari inafungwa traka, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi, na traka yenyewe inaweza kuzima injini wenye gari wakiamua. Waranti ilikuwa miezi 3, injini na gia boksi tu, na aliyeitoa ni yadi wala sio kampuni ya lizi.

Halafu kuna karatasi moja alisainishwa pale kaunta siku ya kuchukua gari, amesimama, funguo ziko mezani, nyuma yake kuna watu wanangoja. Imeandikwa ameikagua gari na ameipokea ilivyo na ameridhika nayo. Alisaini. Nani asingesaini?

MAMBO YALIVYOENDA

Gari ilichukuliwa mwanzo wa Novemba. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120 na K aliniambia ilikuja vizuri tu, wiki ya kwanza ya kubeba watu wa uwanja wa ndege hakuna shida. Shida ilijionyesha siku ya kwanza ya Sala. Wanarudi alasiri, joto limepanda, watu sita ndani na masanduku, wakishafika lami gari inaanza kutetemeka ikiwa mwendo wa 30 mpaka 40, mtetemeko kama wa barabara ya vifusi na kumbe iko juu ya lami safi. Akikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari haiendi na ule mngurumo. Aliipumzisha saa moja kwenye kivuli, ikarudi sawa kabisa.

Hii gari ilikuwa na gia za CVT. Kwa wasiojua, hizi hazina gia moja mbili tatu kama tulizozoea, ndani kuna mkanda wa chuma unapita kwenye puli mbili, na puli zinapanuka na kubana kubadilisha mwendo. Mkanda unashika kwa sababu ya presha na mafuta yenyewe, na mafuta yake ni ya CVT peke yake. Ukitia mafuta ya gia otomatiki ya kawaida, yale ya ATF, mkanda unaanza kuteleza, ukiteleza unatoa joto na unga wa chuma, na ule unga unaendelea kula puli. Na ikiwa bado baridi huwezi kujua kitu. Ndio maana kila mtu aliyeijaribu ile gari asubuhi alisema nzima.

K aliipeleka kwa fundi hapa Malindi, fundi akachomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, ikatoa namba za makosa ya joto la gia na ya kuteleza. Fundi akataka kufungua sampu, ile sahani ya mafuta chini ya gia boksi, palepale aangalie. Bi Z akakataa, akasema hapana, hii iko waranti, tukigusa watasema ni sisi. Nitarudi kwa hilo baadaye kwa sababu lilimwokoa.

Kuanzia hapo ni kuzungushwa. Yadi wakasema lete tuione. Akakatisha kazi ya siku mbili, gari ikalala kwao, asubuhi wakaizungusha mtaani, jibu likawa, "Mama, gari haina kitu, kijana wako hajazoea CVT." Ikarudi Malindi, ikatetemeka tena. Mara ya pili wakambadilishia mafuta ya gia na wakamlipisha, kwa gari iliyo ndani ya waranti, na wakatundika kadi ndogo ya sevisi karibu na mlango wa dereva. Gari ikawa nzuri kwa muda mfupi tu. Mara ya tatu yule muuzaji aliyemhudumia hapokei simu tena, mwengine ndio anapokea, na huyo akamwambia, "Bi mkubwa, ile gari sio yetu, sisi tushalipwa, ongea na wenye gari." Akawapigia kampuni ya lizi. Wao wakamwambia sisi ni watu wa pesa, gari ulienda kuichagua mwenyewe, mambo ya ubovu ni ya yadi.

Akarudi yadi. Akarudi kwa lizi. Na huku miezi 3 ya waranti inakatika.

Wiki ya Krismasi ndio ikalala njiani, baada ya Kakuyuni, ikiwa na familia ya wageni wanaorudi kuwahi ndege. Mwenzetu mmoja wa chama alitoka Malindi usiku ule akawachukua, ndege waliipata, lakini hoteli ikamsimamisha Bi Z kwenye orodha yao palepale. Katikati ya msimu. Gari ikavutwa mpaka mjini, na keshoye ikawaka na kutembea kana kwamba haijawahi kuumwa.

MAAMUZI

Aliponijia alikuwa ameshaamua jambo moja, kwamba mwezi unaofuata halipi. Aliniambia, "Ntalipaje gari isiyotembea?" Na mimi nilimwelewa, lakini tulipoisoma ile mkataba pamoja, mstari kwa mstari, tukaona akikosa malipo ya mwezi mmoja tu kampuni ina ruhusa ya kuzima gari na kutuma dalali aivute, na gharama za dalali ni juu yake. Kwenye Sheria ya Haya Pachesi, ya kununua mali kwa mafungu, Sura ya 507, kuna kinga kwa mtu aliyeshalipa theluthi mbili ya bei, kwamba mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda kortini. Bi Z alikuwa mbali sana na theluthi mbili, na mkataba wake wenyewe uliitwa lizi, kwa hivyo wakili alisema hapo tusiegemee.

Uamuzi ukawa aendelee kulipa, lakini kila akilipa, siku hiyo hiyo anatuma imeili kwa kampuni inayosema nimelipa mwezi huu, nalipa huku nikipinga, gari ina ubovu niliowaarifu tarehe fulani na fulani, na kulipa kwangu sio kukubali kwamba gari ni nzima. Ilikuwa chungu kwake. Alikopa kwenye chama mwezi mmoja. Lakini nilitaka, ikifika siku ya kubishana, wasiwe na neno la kusema kuhusu yeye.

La pili, barua moja kwa wote wawili. Mpaka hapo alikuwa anaongea na kila mmoja peke yake, kwa simu, na kila mmoja anamtupa kwa mwenzake kwa sababu mwenzake hasikii kinachosemwa. Tukaandika barua moja, juu imeandikwa majina ya yadi na kampuni ya lizi pamoja, ikatumwa kwa imeili moja yenye anwani zote mbili na nakala za karatasi zikapelekwa kwa mkono zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ndani tuliweka mambo machache: ubovu ni upi, umeanza lini, gari imepelekwa kwao lini na wakasema nini, anataka nini, na siku 14 za kujibu. Ilifika katikati ya Januari, waranti bado haijaisha. Tarehe ya ule muhuri ilikuja kuwa na thamani kubwa.

La tatu lilikuwa kuthibitisha ubovu wakati wa joto, sio asubuhi. Hapa K ndio alifanya kazi, na nataka nimsifu. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 32, jalada limejaa alama za vidole vya grisi, na tangu mwezi wa Novemba alikuwa anaandika kila safari kwa mkono wake: tarehe, saa, kutoka wapi kwenda wapi, watu wangapi, gari imetembea muda gani ndio ikaanza. Mstari mmoja nimeunakili hivi: "Saa 9 alasiri, Sala–Malindi, watu 6 na mizigo, mtetemo 35, skana joto gia limepita 100, nimepumzisha." Hakuna aliyemtuma. Ukisoma lile daftari unaona wazi kwamba gari haiumwi ovyo ovyo, inaumwa baada ya muda fulani wa kutembea na mzigo.

Basi tukawaandikia wote wawili kwamba tunafanya majaribio, njooni. Fundi wa gia otomatiki Mombasa, ambaye hana undugu na upande wowote, alipanda gari hapa Malindi mchana, ndani kuna magunia ya mchanga badala ya abiria, na mtu wa yadi mmoja alikuja, wa lizi hakuja. Gari haikuzimwa mpaka Mombasa. Kabla ya Mtwapa ikaanza kutetemeka na yule mtu wa yadi ndani, video ikiwa inachukuliwa na skana iko kwenye dashibodi inasoma. Walipofika gerejini ndio sampu ikafunguliwa, mbele yake, na ridhaa yake ya maandishi. Mafuta yalitoka meusi yana harufu ya kuungua. Kwenye sampu huwa kuna sumaku ndogo za kukamata chuma, na zile sumaku zilikuwa zimefunikwa na matope ya kijivu, ukipangusa kidole kinang'aa. Fundi akasoma ile kadi ya sevisi waliyoitundika yadi wenyewe. Imeandikwa kwa bairo: ATF, lita 4.

La nne ndilo lililogeuza kesi nzima, na lilitoka kwa wakili. Alituambia ombeni faili ya gari kwa kampuni ya lizi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwengine, hata kama sio serikali, ikiwa unaihitaji kulinda haki yako. Na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, ya kupewa taarifa, na ya kulipwa fidia ya hasara iliyoletwa na ubovu. Tukaomba kwa barua, tukitaja vifungu vyote viwili. Walijikokota, wakakumbushwa, mwisho wakatuma.

Gari zilizotumika zikitoka Japani huja na cheti cha kuruhusiwa kutoka nchini, na mara nyingi cheti hicho kinaandika kilomita gari ilizokuwa nazo ilipokaguliwa kule. Pia kuna cheti cha ukaguzi kabla ya kupakiwa melini, ambacho Kenya inakitaka kabla gari haijaingia. Vyote viwili vilikuwa kwenye lile faili. Dashibodi ya Bi Z siku ya kuchukua gari ilisoma kama 87,000. Vyeti vilisema zaidi ya 160,000. Na kwenye faili hilo hilo, kurasa chache mbele, kulikuwa na ripoti ya thamani iliyofanywa kwa niaba ya kampuni ya lizi yenyewe, na ndani yake wameandika 87,000.

Kwa hivyo wale waliosema sisi ni watu wa pesa tu, gari hatuijui, walikuwa wamekalia karatasi inayoonyesha kilomita zimerudishwa nyuma, na wakampa mteja kwa bei ya gari changa.

MATOKEO

Wakili aliandika barua ya madai kwa wote wawili kwa pamoja. Gia boksi mpya kutoka Japani na kazi yake 185,000 kwa makadirio ya fundi, mapato yaliyopotea 240,000 ambayo tuliyaonyesha kwa oda za mahoteli zilizokatishwa, kuvuta gari na mafuta aliyolipishwa 31,000, na 200,000 ya tofauti ya bei kwa sababu ya kilomita. Jumla 656,000. Tulikusudia ibaki chini ya milioni moja kwa sababu hapo ndipo mwisho wa Korti ya Madai Madogo, na sheria yake ya 2016 inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Mlalamishi anaweza kusimama mwenyewe.

Hawakutaka kufika huko. Mwezi wa tatu tuliitwa Mombasa, ofisi ya kampuni ya lizi, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba yadi na lizi walikuwa wamekaa meza moja. Meneja wa yadi alianza na "Mama, gari ni chuma, chuma huharibika." Bi Z hakumjibu, alisukuma vile vyeti viwili mbele ya meneja wa lizi, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa baina yao wawili zaidi kuliko na sisi.

Walikubaliana hivi. Yadi inaweka gia boksi nyengine kwa gharama yake na mafuta ya CVT yanayotakiwa, na waranti ya miezi 6 ya maandishi yenye saini za yadi na za lizi. Kampuni ya lizi inapunguza 110,000 kwenye deni kwa ajili ya kilomita. Miezi miwili ya malipo inahamishwa mwisho wa mkataba, haifutwi, inahamishwa. Pesa ya kuvuta gari na ya mafuta inarudi yote. Kwa mapato yaliyopotea alipewa 60,000 kati ya 240,000.

Aliomba pia abadilishiwe gari au arudishe na kupewa depoziti yake, wakakataa, na wakili akamshauri kwamba kuipigania hiyo kortini kungemchukua muda bila gari. Gia boksi iliwekwa mwezi wa nne, masika ishaanza, msimu umekwisha.

UCHAMBUZI

Nianze na karatasi za kilomita kwa sababu ndizo zilizomaliza. Kesi ya gia peke yake ingekuwa ya kubishana bila mwisho, maana gia boksi siku zote wanaweza kumsingizia dereva, ndio walivyoanza tangu siku ya kwanza, na hata ile kadi ya ATF wangesema gia zilikuwa zimeshaharibika na K kabla hawajatia mafuta. Namba mbili zisizolingana kwenye faili moja hazina dereva wa kusingiziwa. Na zaidi ya hapo, gia ziliibana yadi peke yake, lakini kilomita ziliwabana wote wawili, na palepale ule mchezo wa nenda kwa mwenzangu ukaisha. Kwa hivyo mtu yeyote aliye na gari ya lizi inayomsumbua, hata kama ubovu wenyewe ni breki au injini, aombe faili ya kuingizwa kwa gari kwa maandishi. Kama bado hujachukua gari, iombe kabla hujatoa depoziti. Yadi yenye gari safi haina sababu ya kukuficha cheti.

Barua moja kwa wote wawili nayo ilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotegemea. Lizi ina wauzaji wawili wa gari moja, mmoja ana chuma mwengine ana logbuku, na mteja akiongea nao mbali mbali kila mmoja anaweza kuapa kwamba jukumu ni la mwenziwe na asiwe amedanganya popote. Wakisoma maneno ya mwenzao kwenye imeili moja wanaanza kuogopana.

Kuhusu kuendelea kulipa, watu wa chama bado wananibishia mpaka leo. Wanasema Bi Z alilisha watu waliomuonea. Mimi nasimama palepale. Angeacha kulipa, kesi ingegeuka kuwa ya mdaiwa aliyekosa malipo, gari ingezimwa ikiwa njiani na wageni pengine, ingeuzwa mnada, na ushahidi wote wa gia na kilomita ungeondoka nayo. Lakini kulipa kimya kimya ni hatari vilevile, ndio maana zile imeili za kila mwezi. Wakili wao alijaribu kusema mteja alikuwa ameridhika kwa sababu alilipa bila kukosa, tukamtolea zile imeili moja moja, akaacha.

Kukataa sampu isifunguliwe Malindi lilikuwa wazo la Bi Z mwenyewe, hakuna aliyemshauri, na bila hilo tusingekuwa na kitu. Ingefunguliwa na fundi wetu, ule unga wa chuma ungekuwa ni maneno yetu dhidi ya yao. Ilifunguliwa mbele ya mtu wao, na saini yake.

Na lile daftari la K. Mahoteli, mawakili, mameneja, wote walilishika na kulisoma. Video ilikuwa moja, lakini daftari lilionyesha miezi.

Sasa yaliyoangusha. Simu. Novemba nzima na Disemba yote Bi Z alikuwa anapiga simu, anaahidiwa, anaenda, anarudi, na hakuna hata neno moja lililoandikwa. Tulipokuja kuandaa barua tulilazimika kuchimba ujumbe wa pesa alizolipa na risiti za petroli kuonyesha gari ilikuwa Mombasa tarehe gani. Wale wa yadi walikuwa wapole kweli kwenye simu, "usijali mama", "tunalifanyia kazi mama", na upole ule ulikula zaidi ya miezi miwili ya waranti. Ujumbe mfupi tu baada ya kila simu, kwamba leo nimeongea na nyinyi mkasema hivi na hivi, ungetosha.

Ile karatasi ya kupokea gari ilivyo ilitusumbua kichwa lakini haikutushinda. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kwamba muuzaji ametoa dhamana bidhaa ni ya ubora unaokubalika, na huwezi kusainishwa kwenye kaunta haki za sheria zikaondoka. Hata hivyo walikuwa wanaitaja kila mkutano, na mtu asiye na wakili angetishika na kwenda nyumbani. Angelipa fundi wa kujitegemea aikague na kuitembeza ikiwa imepata joto, kabla ya kusaini, ingekuwa pesa kidogo sana mbele ya zile 1,450,000. Yadi nyingi zitakwambia hakuna kutembeza gari mbali. Basi hio nayo ni habari umepewa.

Hasara ya msimu haikurudi, na hapa ndipo naona makubaliano yalimpunja. Zile 60,000 hazikufika hata kwa alichopoteza Krismasi peke yake. Udhaifu ulikuwa kwamba kazi nyingi za Bi Z zinakuja kwa kupigiwa simu na mapokezi ya hoteli, hakuna oda iliyoandikwa, kwa hivyo oda tulizoweza kuonyesha zilikuwa chache kuliko alizopoteza kweli. Tangu hapo pale chamani tumeanza kumtaka kila mwanachama amwombe mtu wa hoteli amtumie oda kwa WhatsApp, hata mistari miwili, saa na idadi ya watu na bei. K naye hakulipwa chochote kwa siku ambazo gari ilikuwa imesimama, kwa sababu analipwa kwa safari, na jina lake halikuwa kwenye mkataba wala kwenye madai. Hilo tungeliweka tangu mwanzo kama sehemu ya hasara ya biashara.

Mwisho kuna kifungu walikichomeka kwenye makubaliano ukurasa wa nyuma, kinachosema Bi Z hatazungumza jambo hili na mtu yeyote. Wakili alikuwa amekiona. Bi Z aliomba kalamu, akakikata kwa mstari, akasaini pembeni, akawarudishia. Meneja wa lizi alikaa nacho kidogo, kisha naye akaweka saini yake kando ya ya kwake. Majina hapa hayapo kwa sababu Bi Z mwenyewe ameona iwe hivyo, bado ana miezi mingi ya kulipa na gari bado iko kwa jina lao.